Mgonjwa Aliyefunga

“Hakuna sumu,” Daktari alisema. “Kijana yule alikufa kwa wali.”

Alikuwa amesimama karibu na meza ya kupasulia, kiganja chake juu ya bati lililokwisha kusuguliwa. Sajini Saturnini alibaki karibu na mlango. Alikuwa askari kanzu wa kituo cha polisi cha Nachingwea, mwenyeji wa upande wa Masasi, mtu mrefu aliyezoea kuinamisha kichwa kila anapoingia kwenye nyumba za watu. Asubuhi ile alikuwa amefika kwa baiskeli, pamoja na Konstebo Abdala, kwenye hospitali ndogo ya misheni iliyo njia ya Ruangwa. Kilichomleta ni kifo cha Yunusi, dereva wa trekta katika mashamba ya karanga.

Yunusi alikuwa na ngiri. Aliingia chumba hiki kwa miguu yake mwenyewe, akatolewa amefunikwa shuka. Kabla maiti haijaoshwa, mama yake, Bi Mwanawetu wa Lionja, alikwisha kumtaja muuaji: Seleman, dereva mwenzake na rafiki yake tangu utotoni. Tangu siku ya mazishi Seleman alikuwa rumande, na wajomba wa marehemu walikuwa wakiuliza kila siku atanyongwa lini.

“Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua dawa,” Saturnini alisema.

“Nusukaputi inalaza mwili wote. Inalaza hata koo. Kama tumboni kuna chakula, kinapanda, na aliyelala hawezi kukitema wala kukimeza. Kinaingia kwenye mapafu. Mtu anazama, Sajini, kama aliyeanguka mtoni.” Daktari aliondoa kiganja mezani. “Nilimgeuza. Nilimnyonya koo kwa mpira. Nilimpulizia pumzi yangu mwenyewe. Hakurudi.”

“Kwa hiyo mgonjwa hatakiwi kula.”

“Tangu jioni. Hata maji.”

“Na huyu alikula.”

“Wali na kuku. Punje zilikuwa nzima, hazijalainika. Alikula alfajiri, muda mfupi kabla ya kuletwa kwangu.”

“Jikoni kwenu mlipika wali?”

“Jikoni kwetu jioni ni ugali na kunde. Alfajiri moto haujawashwa.”

“Ulimuuliza kama amekula?”

“Nilimuuliza mimi, kwa kinywa changu. Alikuwa amekaa hapa, miguu inaning’inia. Akaniambia, ‘Nimefunga, Bwana Daktari.’ Alisema hivyo akinitazama machoni.” Daktari alikunja uso. “Ama alinidanganya, ama dresa wangu hakumwambia kitu na yeye akasema tu neno la kunipendeza. Ukitafuta mtu wa kumuuliza, anzia kwa dresa.”

Saturnini alitoka akiwa na maswali mawili. Nani alipika wali katika hospitali isiyokuwa na wali? Na kwa nini mgonjwa amfiche jambo mtu ambaye muda si mrefu atamshikia kisu?

*

Dresa, msaidizi wa Daktari wodini, aliitwa Felisian. Alikuwa kijana wa Ruangwa aliyesomeshwa na misheni, kola yake imepigwa pasi, skapulari, kile kitambaa kidogo cha Wakatoliki, ikichungulia shingoni. Alikuwa akiosha chupa ambazo tayari zilikuwa safi.

“Ulimwambia asile?” Saturnini aliuliza.

“Nilimwambia, afande.”

“Kwa maneno gani?”

“Kwa maneno mazuri kuliko tunayotumia siku zote.” Felisian aliweka chupa chini. “Siku zote Sista ndiye anayesema. Anawaambia, ‘Kesho asubuhi usile.’ Na watu hawali, ila wanakunywa uji. Ukiwagombeza wanasema, ‘Sikula, nilikunywa.’ Mwingine anatafuna muhogo mbichi, anasema ule si chakula, ni kitu cha kutafuna njiani. Mara ngapi Daktari amewarudisha watu vitandani. Siku ile Sista alikuwa na homa, kazi ikawa yangu. Nikafikiri, huyu ni mtu wa dini, anaswali. Nimweleze kwa dini yake mwenyewe.”

“Ukasemaje?”

“Nikamwambia, ‘Yunusi, kesho unapasuliwa, kwa hiyo lazima ufunge.’ Akaniuliza, ‘Kufunga kama Ramadhani?’ Nikasema, ‘Hivyohivyo, kama Ramadhani. Hata tone la maji lisipite.’ Akafurahi. Akasema hilo analiweza tangu alipokuwa mdogo.”

“Na asubuhi?”

“Nilimuuliza tena kabla sijampeleka. ‘Umefunga?’ ‘Nimefunga.’ Nikamshika mkono tukaenda.”

Saturnini alimtazama kwa makini. Alikuwa amehoji wezi wa bati, wezi wa dizeli na mtu mmoja aliyemzika mwenzake katika shamba la mihogo, na aliujua uso wa mtu anayejipangia maneno. Uso huu haukuwa hivyo. Hata maelezo yenyewe yalikuwa mazuri. Yeye mwenyewe, kama angepewa kazi ile, angesema hivyohivyo.

“Nani aliingia wodini kati ya hapo na asubuhi?”

“Jioni aliingia Seleman. Alfajiri tunafungua mlango, ndugu wanaingia kuwanawisha wagonjwa wao. Wengi wanalala kwenye banda la wauguzaji kule nyuma, na wanapika kulekule. Sikuwaangalia mmoja mmoja, afande.”

“Unadhani nani alimpa wali?”

“Mtu aliyemchukia,” Felisian alisema, na macho yake yakajaa machozi. “Maana maneno aliyasikia vizuri kabisa.”

*

Kitanda cha Yunusi kilikuwa hakijapewa mtu. Kando yake alilala Mzee Agapiti, mkulima wa misheni aliyevunjika paja, mguu umefungwa kwenye mbao. Saturnini alimwamkia, akavuta kigoda.

“Sema karibu na sikio,” mzee alisema. “Nimekunywa kwinini nyingi. Masikio yanalia kama mzinga wa nyuki.”

“Uliwaona wageni wa Yunusi?”

“Jioni alikuja yule dereva mwenzake. Waliongea kwa kunong’ona. Alimpa kitu kimefungwa kwenye majani. Yunusi akakisukuma chini ya godoro.”

Abdala aliinua godoro, akapapasa kati ya nyasi za kujazia. Alitoa kifurushi cha majani makavu, kimefungwa kwa kamba ya mti. Saturnini alikipeleka dirishani kabla ya kukifungua. Fundo lilikuwa halijaguswa. Ndani mlikuwa na vipande vya mizizi, kila kimoja kimekatwa kwa kisu kwenye ncha zote mbili, hakuna kilichotafunwa wala kukwanguliwa.

“Afande, sumu hiyo,” Abdala alisema.

“Kama ni sumu, haikumwingia. Fundo ni la mtu aliyelifunga, si la mtu aliyelifungua.” Akakikunja tena, akamgeukia mzee. “Na alfajiri, Mzee Agapiti? Nani alimletea chakula?”

“Sikumwona. Nilikuwa nimegeukia ukuta, na mguu huu haunipi ruhusa ya kujigeuza kila mtu anapoingia. Nilisikia kijiko kinagonga sufuria. Na nilisikia mtu anamwambia, ‘Kula, siku ni ndefu.’”

“Sauti ya mwanamume au ya mwanamke?”

“Ya mtu anayenong’ona, na mimi na nyuki zangu.”

“Alilazimishwa?”

Mzee alifikiri. “Hapana. Tena walikuwa wanacheka.”

Saturnini aliyarudia maneno yale kimoyomoyo mpaka nje. Kula, siku ni ndefu. Adui hasemi hivyo. Hayo ni maneno ya mtu anayemuaga msafiri.

*

Seleman alikuwa amekaa sakafuni katika chumba cha mahabusu, magoti yamekunjwa. Nje, upande wa karakana, trekta moja lilikuwa likijaribu kuwaka na kuzima. Mwaka ule wa hamsini na moja mashamba ya karanga yalikuwa yakipunguzwa, na madereva wengi walikuwa wamekwisha kurudishwa kwao. Palibaki nafasi chache, na kila mmoja alijua nani anakalia nafasi ya nani.

“Ulichukua trekta la Yunusi,” Saturnini alisema.

“Nililikalia.”

“Tofauti yake nini?”

“Alipozidiwa na ngiri, msimamizi alitaka kumpa mtu wa kutoka Lindi. Nikamwambia nitaendesha la kwangu asubuhi na la Yunusi mchana, mpaka apone. Angepewa mgeni, asingelirudisha.” Seleman alizungumza bila haraka, kama mtu aliyeyasema maneno hayo mara nyingi na hakusikilizwa. “Muulize msimamizi.”

Saturnini alikuwa amekwisha kumuuliza, na msimamizi alisema hivyohivyo. Alisema pia kwamba alfajiri ya kifo Seleman aliitikia jina lake uwanjani Nachingwea pamoja na wenzake, na kutoka pale mpaka misheni ni mwendo mrefu hata kwa baiskeli.

Alimwonyesha kifurushi. “Hii nini?”

“Dawa ya ngiri. Nilimwomba mganga mmoja wa Kilimarondo. Yunusi alikuwa anaogopa kisu. Nikamwambia, ukiona moyo unakataa, ondoka hapa, tumia hii, hakuna atakayekucheka. Akaipokea ili asinivunje moyo. Lakini akasema, ‘Nimeambiwa nifunge, Seleman, na nitafunga. Nikishaingia kwenye kufunga sirudi nyuma.’”

“Ulimpelekea wali?”

“Wali?” Kwa mara ya kwanza Seleman aliinua uso. “Afande, mimi nakula unga wa posho. Wali nimeula sikukuu ya Idi, na niliula kwa mama yake. Yeye ndiye aliyenilea mama yangu alipokufa. Mimi na Yunusi tumekula sahani moja mpaka tumeota ndevu.”

Saturnini alikikunja tena kifurushi.

“Ni kweli ndiye aliyenitaja?” Seleman aliuliza.

“Ni kweli.”

Kijana aliinamisha tena uso juu ya magoti.

*

Lionja matanga yalikuwa bado yanaendelea. Wanaume walikaa nje juu ya magogo, wanawake ndani. Isihaka, kaka yake Bi Mwanawetu na mjomba mkubwa wa marehemu, aliwapokea askari bila kusimama.

“Mmekuja na habari ya kamba?” aliuliza.

“Nimekuja na swali moja kwa dada yako.”

Bi Mwanawetu alitolewa nje hadi kibarazani, akakalishwa mkekani. Alikuwa mwanamke mwembamba, kaniki imefungwa kifuani, macho makavu kwa kulia. Yunusi alikuwa mtoto wake wa mwisho aliyebaki. Saturnini alichuchumaa ili asimsimamie kwa juu.

“Pole, mama.”

“Nimeshapoa. Sema ulilojia.”

“Nimeambiwa ulikuwa kwenye banda la wauguzaji. Nataka kujua nani mwingine alikuwa anapika pale. Na katika hao, nani alikuwa na mchele.”

“Mchele nilikuwa nao mimi.”

Saturnini alidhani hakusikia vizuri. “Wewe?”

“Kaka yangu huyu alinipa. Na kuku nilimbeba kutoka hapa akiwa hai, kapuni, mpaka misheni. Nilimchinjisha jioni kwa mtu mmoja wa Ruangwa aliyekuwa anamuuguza mkewe. Nikapika mwenyewe. Hakuna mkono uliogusa sufuria ile ila wangu. Ndiyo maana nawaambia, na hamnisikii: chakula changu kilikuwa safi. Sumu ilikuwa kwenye majani ya Seleman.”

“Ulipika cha nini, mama?”

Alimtazama kama anavyotazamwa mtu mzima anayeuliza jua linatokea wapi.

“Daku la mwanangu.”

Nyuma yake Saturnini alisikia buti la Abdala likikwaruza udongo, kisha likatulia.

“Nani alikwambia umpikie daku?”

“Nani huambiwa? Mtu anafunga kesho, atakosa daku? Yunusi aliniita, akasema, ‘Mama, wamesema nifunge kama Ramadhani, hata maji nisinywe, ndipo wanipasue.’ Nikafurahi. Nilikuwa namwogopea yule Daktari Mzungu na visu vyake. Nikasema, kumbe nao wana heshima, hawamgusi mtu mpaka awe kwenye saumu. Moyo ukatulia.” Alipangusa uso kwa ncha ya kaniki. “Walipofungua mlango nikampelekea, adhana bado. Nikamwambia, kula, siku ni ndefu. Akanawa, akasema nia, akalala kidogo. Hakugusa kitu tena. Wamuulize hata huyo dresa wao. Mwanangu alikufa akiwa amefunga, na mtu anayekufa amefunga ana malipo yake. Hilo tu ndilo ninalolala nalo.”

Saturnini aliinuka. 

“Ahsante, mama.”

“Basi?”

“Basi.”

“Na Seleman?”

“Nitakuletea habari.”

*

Walisukuma baiskeli kwenye mchanga bila kupanda. Walipopita mikorosho ya mwisho, Saturnini alisimama.

“Abdala. Nikikuagiza ufunge kesho, utafanya nini?”

“Nitakula daku, afande.” Konstebo hakumtazama. “Mtume ametuagiza. Kufunga bila daku ni kujikomoa.”

“Mimi nikifunga kwa ajili ya komunyo, tangu saa sita za usiku sionji kitu. Hata maji. Wakristo wa misheni wote ndivyo tulivyofundishwa. Kwetu kufunga kunaanza usiku.”

“Kwetu kunaanza alfajiri.”

“Na Daktari naye alimuuliza, akajibiwa kweli. Na dresa akajibiwa kweli.” Saturnini alishika usukani kwa mikono miwili. “Nimezunguka kote huku namtafuta mwongo, Abdala. Hayupo. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo.”

Walipitia misheni. Felisian alikuwa mlangoni mwa chumba cha dawa. Saturnini hakumzungusha. Alimwambia maneno matatu tu: alikula daku lake.

Kijana alitabasamu kwanza, tabasamu la mtu ambaye hajaelewa. Kisha midomo yake ikaanza kurudia kitu pole pole, na Saturnini aliona ni maneno yaleyale: kama Ramadhani, hivyohivyo, kama Ramadhani. Akaegemea ukuta, akateleza mpaka chini, kola yake iliyopigwa pasi ikakunjamana shingoni.

“Nimekua na Waislamu,” alisema. “Jirani zetu wa Ruangwa. Nilikuwa nasikia ngoma ya daku kila mwaka nikiwa kitandani. Nilikuwa naisikia, afande.”

“Najua.”

“Nilitaka aelewe vizuri.”

“Najua, Felisian.”

Daktari alitoka kwenye veranda akasikia yote. Akaenda akakaa sakafuni kando ya dresa wake, bila kujali koti lake jeupe.

*

Saturnini aliandika kwamba kifo ni ajali, na kwamba mshitakiwa hana hatia. Hakuandika jina la Bi Mwanawetu. Mkubwa wake alisoma, akatia sahihi. Saturnini alitumaini mambo yangeishia hapo. Kwamba mama angeamini ni mapafu, ni nusukaputi, ni mapenzi ya Mungu, na angezeeka bila kujua.

Seleman alikuwa hajamaliza kufunga mkanda wake wakati kelele zilipoanza nje. Watu wa Lionja walikuwa wamefika. Isihaka alikuwa mbele, na vijana wanne nyuma yake wameshika mapanga kana kwamba wanatoka shamba. Katikati yao alikuwa Bi Mwanawetu, miguu imejaa vumbi.

“Tumesikia mnamwachia,” Isihaka alisema.

“Hana hatia.”

“Basi mpeni njia apite. Nyie mmemaliza kazi yenu, na sisi tuna yetu.”

Saturnini alimtazama Seleman aliyesimama mlangoni. Akawatazama vijana. Alijua angeweza kuwatawanya leo, lakini si kesho, wala si siku Seleman atakapokuwa peke yake kwenye trekta katikati ya shamba.

“Abdala, mrudishe ndani,” alisema. “Mama, njoo ofisini. Na wewe, Mzee Isihaka. Hao wengine wabaki.”

Alimpa Bi Mwanawetu kiti. Hakukikubali, akakaa chini. Saturnini naye akaacha kiti chake, akakaa chini mbele yake.

“Mama, ile dawa ya kulaza mtu haitaki chakula tumboni. Tumbo likiwa na kitu, chakula kinapanda mtu akiwa amelala, kinaziba pumzi. Ndiyo maana wanawakataza wagonjwa kula.”

“Walimkataza. Alifunga.”

“Walitaka alale njaa. Tangu jioni, usiku kucha, mpaka asubuhi. Kijana wa misheni hakujua kuwa kwenu kufunga kuna daku. Alitumia neno lenu akilifahamu kama letu.”

Isihaka ndiye aliyeelewa kwanza. Alishika ukingo wa meza, akasema, “Sajini, acha. Nyamaza. Tumekwisha kuelewa, acha.”

“Wali,” Bi Mwanawetu alisema.

“Hukukosea, mama. Ulifanya kile ambacho mzazi yeyote—”

“Ni wali ule ulioziba pumzi?”

Saturnini alitaka kumwambia hapana. Nje kulikuwa na vijana wanne na mapanga.

“Ndiyo, mama.”

Hakulia. Alitazama mikono yake, upande wa viganja, kisha upande wa pili.  Trekta kule karakana liliwaka, likashika, likaondoka.

“Alisema ameshiba,” alisema hatimaye. “Alinisukumia sahani. Akasema, ‘Mama, imetosha.’ Mimi nikamwongeza.”

Isihaka alitoka nje. Walimsikia akiwaambia vijana waende nyumbani, sauti yake imekatika katikati, kisha akawaambia tena.

Seleman alikuja mwenyewe kutoka chumba cha mahabusu, Abdala hakumzuia. Alipiga magoti nyuma ya yule mwanamke aliyemlea, akamwita mama. Bi Mwanawetu hakugeuka. Alinyoosha mikono yake miwili mbele ya Saturnini, vifundo vimekutana.

“Nifungeni mimi,” alisema.

“Hakuna kosa la kukufungia, mama. Sheria haina.”

“Haina kabisa?”

“Haina kabisa.”

Aliiacha mikono ikae hapohapo hewani, akingoja, mpaka Seleman alipozunguka mbele yake, akaishika, akaiteremsha mapajani.